Mwanga wa Jua unavyotufunulia angahewa ya Mshtarii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Mikanda, madoa na vimbunga tunavyoviona kwa darubini vyote ni mawingu na utando wa ukungu uliopigwa na Jua. Mwanga huo umesafiri dakika kama 43 kutoka kwenye Jua, ukaingia kwenye gesi, sehemu yake ikafyonzwa na sehemu ikarudi. Maswali yafuatayo yanahusu namna tunavyousoma ule uliorudi. Methani na amonia zimepewa nafasi kubwa kuliko mengine kwa makusudi, maana huko ndiko vitabu vingi vimepitwa na wakati.

Kwani Mshtarii haina mwanga wake yenyewe?

Mwanga wa kuonekana kwa macho haina. Joto lake inalo, tena jingi, na hutoka kama miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Kwenye mawimbi mafupi kuliko mikromita 3 hivi (mikromita ni sehemu 1 ya milioni ya mita), karibu kila unachokipokea ni Jua lililoakisiwa. Ukifika mikromita 5 mambo yanageuka: ile mikanda ya hudhurungi, ambayo kwenye picha ya kawaida ina giza, ndiyo inayowaka, kwa sababu mawingu yake ni membamba na joto la chini linapenya.

Jua lenyewe hufika huko likiwa dhaifu. Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko sisi, hivyo kila mita ya mraba inapata wati 50 hivi, ilhali juu ya Dunia yetu ni wati 1,361. Ni sehemu 1 ya 27. Ukubwa wa sayari na weupe wa mawingu yake ndio unaoifanya ing'ae angani kuliko nyota zote za usiku.

Mtu anajuaje kuna gesi gani kwa kutazama mwanga tu?

Kwa kutafuta mwanga uliokosekana. Unachukua spektra ya Mshtarii, yaani mwanga wake ukiwa umetandazwa kwa kufuata urefu wa mawimbi, kisha unaigawanya kwa spektra ya Jua. Darubini ya usiku huwezi kuielekeza kwenye Jua, kwa hiyo watu hutumia kitu cha kijivu kinachoakisi Jua bila kulibadilisha sana: Mwezi wetu, au miezi ya Mshtarii kama Ganymede na Callisto, au nyota inayofanana na Jua. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ni kazi ya Mshtarii yenyewe. Palipo na bonde, pana kitu kilichofyonza mwanga. Inabidi pia kuondoa mabonde yanayotokana na hewa yetu wenyewe, kama lile la oksijeni kwenye nanomita 760 (nanomita 1,000 ni mikromita 1).

Mabonde ya Mshtarii yalionekana zamani. Wachunguzi wa miaka ya 1860 walishaona michirizi ya giza ambayo haimo kwenye mwanga wa Jua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Vesto Slipher, akiwa Lowell Observatory kule Arizona, akapiga picha za spektra za sayari zote nne kubwa, na picha zilikuwa safi kabisa, ila hakuna aliyejua michirizi ile ni ya nini. Mwaka 1932 ndipo Rupert Wildt, akiwa Göttingen, Ujerumani, alipotambua kuwa ni methani na amonia. Muda si mrefu Theodore Dunham wa kituo cha darubini cha Mount Wilson, Marekani, akalithibitisha jambo hilo kwa kulinganisha na gesi zilizopimwa maabara.

Hidrojeni ndiyo sehemu kubwa kabisa ya angahewa ile, lakini ilisubiri hadi 1960 ndipo mistari yake ikapatikana kwenye mwanga wa Mshtarii. Molekuli yake hufyonza kwa unyonge mno. Kwa hiyo usipime wingi wa kitu kwa jinsi kinavyojitokeza kwenye spektra: gesi ndogo imejaa kila mahali, na gesi kubwa imejificha.

Methani ni kidogo sana. Mbona inatajwa kila mara?

Kwa sababu ndiyo kipimo chetu cha kina.

Katika Mshtarii methani ni kama molekuli 2 tu kwa kila 1,000. Lakini ina sifa mbili ambazo hazipatikani pamoja kwa gesi nyingine pale. Kwanza inafyonza vizuri mwanga mwekundu na ule wa infraredi ya karibu, kwenye maeneo yanayojulikana: nanomita 619 kwa unyonge, 727 kwa nguvu kiasi, na 889 kwa nguvu sana. Pili, Mshtarii haina baridi ya kutosha kuigandisha methani, hivyo imechanganyika sawasawa kuanzia vilindini hadi juu ya mawingu. Amonia haiko hivyo. Hiyo huganda, hupanda, hushuka, na kiasi chake hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ukijua mwanga umepita kwenye methani kiasi gani, umejua umeshuka umbali gani kabla ya kurudi.

Chukua sahani nyeupe uizamishe kwenye maji ya mto yenye tope. Ikiwa karibu na uso wa maji utaiona nyeupe. Kadiri unavyoizamisha inafifia, mpaka inapotea. Kwenye Mshtarii mawingu ndiyo sahani, methani ndiyo tope, na tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuchagua uzito wa tope kwa kubadilisha filta.

Angalia picha ya nanomita 889. Sayari karibu yote imezama gizani, lakini kuna vitu vimebaki vinang'aa: Doa Kubwa Jekundu, ukanda wa ikweta, na eneo la kila ncha. Mtu aliyezoea picha za rangi hushangaa, maana doa lile kwenye picha ya kawaida si angavu hata kidogo. Maana yake ni kwamba sehemu yake ya juu imefika mbali, juu ya sehemu kubwa ya methani, na mwanga unarudi kabla haujafyonzwa. Kwenye ncha kinachong'aa ni utando mwembamba ulioko juu sana. Sasa weka filta ya 727, halafu 619, na kila hatua unaona chini zaidi.

Kipimo hiki ndicho kilichotumika Mshtarii ilipogongwa. Julai 1994 vipande vya kimondo-mkia Shoemaker-Levy 9 viliipiga sayari na kuacha makovu meusi. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mwanaastronomia wa ridhaa wa Australia, aliona kovu jipya karibu na ncha ya kusini. Mara zote mbili alama iliyokuwa nyeusi kwenye mwanga wa kawaida iling'aa kwenye mwanga wa methani, na hapo ikajulikana kwamba vumbi limerushwa juu kabisa ya mawingu. Kivuli cha mwezi hakiwezi kufanya hivyo: chenyewe ni cheusi kwenye filta zote.

Mawingu meupe tunayoyaona ni barafu ya amonia, siyo?

Hivyo ndivyo vitabu vingi vinavyosema, na naona wakati umefika wa kuacha kuyasema hayo bila maelezo.

Hoja ya zamani ilikuwa ya kikemia. Tunajua halijoto inavyopungua kadiri unavyopanda, na tunajua amonia ipo. Ukikokotoa, amonia inapaswa kuganda pale ambapo shinikizo la hewa ni kama sehemu 7 kati ya 10 za lile la usawa wa bahari hapa Duniani. Chini yake, penye shinikizo kama mara 2 la bahari, panatarajiwa mawingu ya amonia iliyoungana na hidrojeni salfaidi, na chini zaidi mawingu ya maji. Ndiyo tabaka tatu zile zinazochorwa kila mahali. Mchoro ni mzuri, ila ulitokana na hesabu kuliko macho.

Dalili kwamba kuna kasoro ilikuwepo muda mrefu. Chombo cha Galileo, kilichoizunguka Mshtarii kuanzia 1995, kilitafuta alama ya barafu ya amonia kwenye mwanga wa infraredi ulioakisiwa. Mawingu yenye alama hiyo wazi yalipatikana kwenye chini ya asilimia 1 ya eneo. Watu walijaribu kueleza kwamba punje za barafu labda zimepakwa moshi unaoficha alama yake, na mchoro ukabaki ulivyo.

Aliyelifungua upya jambo hili ni Steven Hill, mwanaastronomia wa ridhaa wa Colorado, Marekani, kwa darubini ndogo na filta zinazouzwa madukani. Alitumia filta mbili tu. Moja inapitisha eneo la methani la nanomita 619, nyingine eneo la amonia karibu na nanomita 647. Methani inasema mwanga umeshuka hadi wapi. Amonia inasema umekutana na amonia kiasi gani njiani. Ukigawanya moja kwa nyingine unapata ramani ya amonia juu ya sayari nzima, usiku mmoja, ukiwa uani kwako. Mawimbi hayo mawili yako karibu, hivyo ukungu na vumbi vya angahewa huyaathiri karibu sawasawa na makosa mengi hujiondoa yenyewe. Mimi nauona ni utaratibu mzuri mno.

Timu iliyoongozwa na Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford ikachukua njia hiyo na kuitumia kwenye data za MUSE, kifaa cha kuchukua spektra, kwenye Darubini Kubwa Sana iliyoko Chile. Matokeo yalitoka Januari 2025: mwanga mwingi unarudi kutoka penye shinikizo kama mara 2 hadi 3 la usawa wa bahari, mahali penye joto mno kwa barafu ya amonia. Kwa maoni yao mawingu yale makubwa yanaweza kuwa ya amonia iliyoungana na salfaidi, yakiwa yamechanganyika na moshi unaotengenezwa na mwanga wa Jua. Amonia safi huganda sehemu chache tu, pale hewa inapopanda kwa nguvu sana. Zohali nayo ilionyesha hali kama hiyo.

Data zilikuwepo miongo mingi. Kwa nini zilisomwa hivyo?

Kwa sababu namba moja ina majibu mengi. Wingu zito lililo chini na utando mwepesi ulio juu vinaweza kurudisha mwanga uleule kwenye filta moja. Punje kubwa zenye weusi kidogo na punje ndogo nyeupe zinaweza kufanana kabisa. Ukiwa umeshaamini kwamba kuna wingu la amonia mahali fulani, kompyuta itakutafutia unene na rangi ya wingu hilo mpaka hesabu ikubali, na itakubali.

Dawa ni kupima mawimbi mengi kwa pamoja, na kupima kutoka katikati ya sayari hadi pembeni mwake. Pembeni mwanga unaingia kwa mshazari na kupita kwenye hewa nyingi kabla ya kufika kina kilekile, kwa hiyo utando wa juu hujitokeza na mawingu ya chini hufifia. Namna mng'ao unavyopungua kuelekea ukingoni hutenganisha majibu ambayo katikati yalikuwa yanafanana. Mtu akikuonyesha mchoro wa tabaka nadhifu, muulize lipi limepimwa na lipi limekokotolewa. Ni swali la haki.

Doa Kubwa Jekundu lina wekundu wa nini?

Kitu fulani ndani yake kinafyonza mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu urudi. Gesi zinazojulikana pale, yaani hidrojeni, heli, methani na amonia, hazina rangi kwa macho, kwa hiyo lazima kuna kemia nyingine. Maelezo yanayokubaliana vizuri na vipimo yalitoka maabara mwaka 2016: amonia ikipigwa na mionzi ya urujuanimno na kukutana na asetileni hutoa vitu vyenye rangi ya machungwa hadi wekundu. Hilo linaendana na urefu wa doa, maana sehemu iliyofika juu hivyo inapata urujuanimno mwingi kuliko mawingu ya chini.

Doa lenyewe linapungua. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 40,000 hivi kutoka mashariki hadi magharibi; vyombo vya Voyager vilipopita mwaka 1979 lilikuwa kama 23,000; darubini ya Hubble mwaka 2014 ilipima kama 16,500. Dunia bado inaenea ndani yake.

Rangi za kwenye picha ni za kweli?

Nyingi zimeongezwa nguvu. Si udanganyifu, mradi aliyezichapisha aseme. Kamera ya JunoCam, iliyoko kwenye chombo cha Juno tangu kifike Mshtarii Julai 2016, hutoa picha ghafi kwa umma, na wanaozisindika hupandisha rangi ili mizunguko ya mawingu ionekane. Kwa macho ya mtu Mshtarii ni ya rangi ya maziwa na hudhurungi hafifu.

Neptuni ni mfano wa tahadhari. Picha za Voyager 2 za mwaka 1989 ziliongezwa nguvu ili mawingu yaonekane, na dunia nzima ikaamini sayari hiyo ni ya buluu iliyokolea. Mwaka 2024 timu ya Irwin ilisawazisha upya rangi kwa kutumia Hubble na MUSE, ikaonekana Neptuni na Urani zote mbili ni za buluu ya kijani iliyopauka, Neptuni ikizidi kidogo tu.

Mwanga unatuambiaje kasi ya upepo?

Kwa kufuatilia doa moja likihama. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, kwa hiyo ukipiga picha leo na ukapiga tena baada ya mzunguko mmoja, uso uleule umerudi mbele yako. Tuseme doa liko kwenye upepo wa mita 100 kwa sekunde. Katika muda huo litakuwa limesogea kilomita 3,600 hivi kuliko mzunguko wa ndani ya sayari. Mshtarii ikiwa karibu nasi, kilomita 3,000 huonekana kwetu kama sekunde 1 ya nyuzi, yaani sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi moja. Darubini ya sentimita 25 usiku hewa ikiwa imetulia inaweza kulitambua hilo, na ukisubiri mizunguko michache kosa linapungua.

Hubble hufanya kazi hiyo kila mwaka kwa sayari kubwa, kwenye mpango wa OPAL unaoongozwa na Amy Simon. Uzuri wa mwanga wa methani ni kwamba unakupa upepo wa tabaka tofauti. Julai 2022 darubini ya James Webb ilipiga Mshtarii kwenye mawimbi ya infraredi ambayo methani na hidrojeni huyafyonza sana, hivyo kilichoonekana ni utando wa juu pekee. Ukilinganisha na picha za Hubble za siku iliyofuata, zilizoonyesha mawingu ya chini, kulikuwa na mkondo juu ya ikweta wenye upana wa kilomita 4,800 unaokwenda kilomita 515 kwa saa. Matokeo yakatangazwa 2023. Kabla ya hapo mkondo huo ulikuwa haujulikani.

Mbona Mshtarii haionekani kama hilali, kama Zuhura?

Kwa sababu iko nje ya njia yetu. Kutoka Duniani hatuwezi kuiona kwa pembe inayozidi nyuzi 12 hivi kutoka upande wa Jua, kwa hiyo daima inaonekana karibu imejaa. Hilo linatunyima mengi. Punje za wingu hutawanya mwanga kwa namna tofauti mbele, pembeni na nyuma, na sisi tunaona wa kurudi nyuma tu.

Ndiyo sababu vyombo vya Pioneer 10, kilichopita Desemba 1973, na Pioneer 11 mwaka mmoja baadaye, vilibeba kifaa cha kupima mng'ao na upolarishaji, yaani kiasi ambacho mawimbi ya mwanga yamelala upande mmoja badala ya kutapakaa pande zote. Molekuli za gesi hupolarisha sana mwanga unaotawanywa pembeni. Punje kubwa hufanya vingine. Bernard Lyot wa Ufaransa alishaona miaka ya 1920 kwamba ncha za Mshtarii zina upolarishaji mkubwa kuliko katikati.

Nguvu ya njia hii ilionekana zaidi kwa Zuhura, ambayo tunaiona pembe zote. Mwaka 1974 James Hansen na Joop Hovenier walichukua vipimo vya upolarishaji, vikiwemo vya Lyot, wakaonyesha kwamba mawingu ya Zuhura ni matone ya duara yenye nusu kipenyo cha mikromita 1 hivi, yanayopinda mwanga kama asidi ya salfa iliyokolea. Walijua hivyo bila mtu wala chombo kugusa tone hata moja.

Kuna faida gani kujua Mshtarii inaakisi asilimia ngapi?

Kubwa. Nishati isiyoakisiwa imefyonzwa, na tofauti kati ya iliyofyonzwa na inayotoka ndiyo joto la ndani lililobaki tangu sayari ilipoumbika. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba Mshtarii inaakisi asilimia 34 ya nishati ya Jua, na kwamba joto la ndani ni kama wati 5.4 kwa mita ya mraba. Chombo cha Cassini kilipopita pale mwishoni mwa 2000 kikielekea Zohali, kiliipima kutoka pembe nyingi na mawimbi mengi. Uchambuzi uliotoka 2018 ulitoa asilimia 50, na joto la ndani likapanda hadi wati 7.5 hivi. Kosa lilikuwa kwenye pembe: huwezi kujumlisha mwanga unaokwenda pande zote ikiwa umesimama upande mmoja. Hesabu za namna Mshtarii inavyopoa na kusinyaa zilipaswa kurudiwa.

Kitu gani hakipatikani kwa njia hii?

Heli, kwa sehemu kubwa. Maji ya vilindini. Chochote kilicho chini ya mawingu mazito. Kwa hayo ilibidi kutumbukiza chombo: tarehe 7 Desemba 1995 kipimaji cha Galileo kilishuka kwa parachuti mpaka penye shinikizo kama mara 22 la usawa wa bahari kabla ya kunyamaza, na ndicho kilichopima heli moja kwa moja. Juno nayo husikiliza mawimbi ya redio yanayotokana na joto la chini ya mawingu. Hizo ni njia nyingine kabisa, na zinahitajika.

Inaweza kutumika kwa sayari za nyota nyingine?

Inaweza, kwa shida. Mtu aliye mbali akitazama kwetu, Mshtarii inarudisha kama sehemu 1 katika 1,000,000,000 ya mwanga wa Jua. Darubini ya Nancy Grace Roman ya NASA imewekewa kifaa cha kuziba mwanga wa nyota ili kujaribu uwezo wa kufikia kiwango cha namna hiyo. Kwa sayari zilizo karibu mno na nyota zao kazi imeshaanza: mwaka 2011 vipimo vya darubini ya angani ya Kepler vilionyesha kwamba TrES-2b, sayari kubwa kama Mshtarii, inaakisi chini ya asilimia 1. Ni nyeusi kuliko makaa, na haiwezi kuwa na mawingu angavu juu yake.

Nadhani funzo la amonia litawahusu sana watakaosoma spektra hizo. Ikiwa Mshtarii, tunayoiona kwa macho yetu, ilitupoteza kuhusu mawingu yake, nukta moja ya mwanga kutoka mbali itahitaji uvumilivu mkubwa.

Niko Afrika Mashariki. Naweza kufanya lolote la maana?

Ndiyo, na mahali ulipo ni faida. Mshtarii ikifika juu kabisa, kwako inakuwa karibu na utosi, kwa hiyo unaitazama kupitia hewa kidogo. Miaka ya 2019 na 2020 sayari ilikuwa kusini sana angani: kutoka London ilipanda nyuzi 16 tu juu ya upeo, ilhali kutoka Dar es Salaam ilifika zaidi ya 70. Watazamaji wengi wa kaskazini walipata picha za kutetemeka, na kazi ikabebwa na wa kusini.

Tarehe 31 Mei 2020 Clyde Foster, mwanaastronomia wa ridhaa, akiwa Centurion, Afrika Kusini, aliweka filta ya methani na kuona doa linalong'aa kusini-mashariki mwa Doa Kubwa Jekundu. Saa chache kabla, picha kutoka Australia hazikuwa nalo. Siku mbili baadaye Juno ikapita karibu na eneo lile na kulipiga picha kwa karibu: wingu zito lililokuwa limechomoza kupita mengine. Timu ya Juno ilijua kuna kitu cha kutazama pale kwa sababu ya filta ile ya Centurion.

Vifaa: kwa picha za rangi darubini ya sentimita 15 inatosha kuanza. Kwa methani anza na sentimita 20 au zaidi, kamera ya rangi moja, na filta ya nanomita 889. Picha itakuwa na giza, itabidi kila fremu ichukue muda, na sayari inazunguka haraka. Ukizidisha dakika chache maumbo yanachakaa. Programu ya WinJUPOS inarekebisha mzunguko huo na ni ya bure.

Nikipata picha nzuri, niipeleke wapi na niandike nini?

Hifadhi ya PVOL, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque kule Hispania, na ile ya ALPO-Japan, zote hupokea picha za watazamaji wa ridhaa, na watafiti huzitumia. Andika ukubwa wa darubini, filta, mahali, na muda wa katikati ya video.

Muda ndio unaoharibu picha nyingi. Unaandikwa kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukipiga saa tatu na nusu usiku, hiyo ni 21:30 ya hapa, na unachoandika ni 18:30 UTC. Mshtarii huzunguka nyuzi 36 kwa saa moja, kwa hiyo ukisahau kuondoa zile saa 3, doa lako litawekwa nyuzi 109 mbali na lilipo, karibu theluthi ya sayari. Weka saa ya kompyuta ijisahihishe kwa intaneti kabla ya kuanza, na uiache kwenye UTC usiku kucha.